Faiba Iliyo Nyuma ya Milamula

Alhamisi, 6 Machi

Mguu unawasha ndani ya plasta. Nimejikuna kwa sindano ya kufumia mpaka Adela akaninyang'anya. Anasema nitajitoboa. Nimemwambia mguu ni wangu. Mdogo wangu huyu, tangu ahamie hapa kuniuguza, amekuwa mkali kuliko nesi.

Chai. Kiporo cha ndizi na maharage. Halafu kazi ya kila asubuhi, kufunga modemu dirishani. Kidude hiki lazima kielekee ziwani, la sivyo hakishiki kitu. Nakifunga kwenye nondo kwa kamba ya mgomba, waya unakuja hadi kwenye kompyuta mezani. Mvua ikianza nakifungua. Ikikatika nakifunga tena. Kama mbuzi.

Kemi, binti yangu, alitokea kwenye kioo kabla ya mchana. Amelazwa. Dar, hospitali kubwa, wodi ya wajawazito. Presha imepanda. Alininyanyulia miguu niione, imevimba mpaka vifundo havionekani. Kisha picha ikaganda, mkono wake ukiwa hewani. Nikangoja. Ilipozinduka alikuwa ameshamaliza kusema, ananitazama, anasubiri jibu.

Nilikubali kwa kichwa. Sijui nilikubali nini.

Ijumaa, 7 Machi

Watu wa Jumuiya walipita kunijulia hali. Wote wana ushauri mmoja. "Mwalimu Justa, si umpigie tu simu?" Piga simu! Wanamjua Kemi tangu tuhamie hapa Nshambya na bado wanasema piga simu.

Hasikii. Homa ya uti wa mgongo, tukiwa bado Muleba, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Nafasi ya shule ya viziwi aliipata akiwa binti mkubwa. Alirudi anajua kuandika jina lake, na kushona. Kushona anajua kuliko mimi ninavyojua kufundisha. Kusoma hakukumwingia.

Lugha yake ni ile tuliyoitengeneza wenyewe kibanjani, kwenye migomba yetu, yeye, mimi na marehemu baba yake. Ishara ya kuchuma kahawa, ya mvua ya mawe, ya padri, ya mtu mwongo. Za mjini anajua chache. Hamisi, mumewe, kijana wa Bukoba mjini anayeuza viatu huko Dar, kajifunza za kwetu kiasi: kula, kulala, pesa, na nyingine ambazo mama mkwe hapaswi kuziona. Kijana mwema. Lakini presha huielezi kwa ishara ya kula.

Manesi wanamwandikia kwenye karatasi. Anaitikia kwa adabu. Hajui kilichoandikwa.

Kwa hiyo mimi ndiye mdomo wa daktari. Niko hapa kitandani, mguu umeinuliwa juu ya mito, na kati yangu na mwanangu kuna modemu.

Jumamosi, 8 Machi

Nataka kuandika hili bila kujipendelea. Faiba, mtandao ule wa waya, ilipita mtaani kwetu mwaka jana. Mafundi waligonga mlango. Nikawauliza bei ya mwezi, nikacheka. Nilisema faiba ni ya wenye hoteli na wenye watoto Ulaya. Nikaenda sokoni nikanunua modemu iliyokwishatumika, nikatembea nayo nikijisifu. Nilijiona mjanja sana.

Ta Rwegasira, jirani yangu, yeye alivutiwa waya. Watoto wake walio ng'ambo ndio walitaka wawe wanamwona. Nyumba yake iko hapo mbele, upande wa barabarani. Kati yetu ni kibanja chake na mstari wa milamula, mimea ya mpaka. Siku moja alinikuta nahangaika na waya dirishani, akanisihi, "Mwalimu, njoo utumie yangu bojo, mimi naangalia tu wajukuu." Nikamjibu kwamba mzee wa umri ule na faiba ni kumvalisha mbuzi viatu. Mkewe, Ma Verediana, alisikia. Tulikuwa tumeshakosana juu ya milamula hiyo hiyo, nani kaisogeza. Tangu siku hiyo hata kanisani tunapeana amani kwa kutazama ukuta.

Leo nimewapigia watu wa faiba mwenyewe. Wataniunganisha. Ila waya hauwezi kuruka kutoka barabarani hadi kwangu, inahitajika nguzo moja katikati. Katikati ni migomba ya Ta Rwegasira.

Adela ndiye aliyekwenda kuomba. Mimi nisingeweza. Mzee hakunizungusha. "Waje wachimbe. Wasiguse kahawa tu." Nimeona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mafundi wanakuja Jumatano.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Mvua kutwa. Modemu imelala.

Namwogopea Kemi. Basi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeharibu.

Daktari alikuja kwenye simu ya Hamisi. Mwanamke, sauti ya upole, mtu wa haraka. Presha haishuki kwa dawa. Wanataka kumpasua wamtoe mtoto kabla kifafa cha mimba hakijaja. Amesema, "Mama, nieleweshee binti yako, maana kila nikimshika anatetemeka." Nikasema sawa. Nikajipanga. Sisi hatuna ishara ya upasuaji, hatujawahi kuihitaji. Tuna ya kupasua samaki. Nikafikiri nitaanzia hapo, nipasue, nimtoe mtoto, nimbembeleze, kisha nishone, kisha nimwonyeshe amesimama anatembea.

Nikaweka kiganja tumboni kama kisu. Nikapitisha. Wakati huohuo mguu ukanichoma, nikakunja uso.

Picha ikaganda hapo.

Hamisi amenieleza baadaye. Kwenye simu yake nilibaki hivyo, kisu tumboni, meno nje, muda mrefu. Kemi akanitazama hivyo. Hakumwona mtoto, hakuona kushona wala kutembea. Alimwona mama yake anamwambia atapasuliwa kama samaki, na samaki akishapasuliwa tunajua anakokwenda.

Mtandao uliporudi alikuwa amefumba macho. Hamisi alimgusa bega, akazidi kuyafumba. Kiziwi akifumba macho, huna mlango mwingine wa kuingilia. Nilipunga mikono mbele ya kompyuta kama mwendawazimu. Nikapiga kelele pia, mimi ninayejua kuliko wote kwamba hasikii.

Amevaa nguo zake za nyumbani. Amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa wodi, na kanga zake kapakata. Karatasi ya kukubali operesheni kaichana.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nilijirekodi. Adela alishika simu. Nilieleza yote mwanzo hadi mwisho, polepole. Video ilipanda kwa saa nyingi, mstari mdogo unasogea kama konokono. Kemi aliitazama. Kisha akauliza kitu kwa mikono, akarudia, akarudia. Hamisi hakuelewa. Kemi akamrudishia simu yake, akageukia ukutani.

Video haijibu swali. Nahitaji kuiona mikono yake na yeye aone yangu, bila kukatika.

Nikachukua bajaji hadi hoteli moja mjini, mguu umetokeza nje. Wakanipa namba ya siri ya mtandao wao kwa heshima zote. Nimekunywa soda ya watu nikitazama duara linazunguka. Wageni wa semina walikuwa wameujaza. Nimerudi.

Kesho mafundi wanakuja. Kesho tu. Nimemwambia Hamisi amwombe daktari anisubirie. Kijana amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, bado ananiambia, "Usijali mama." Nimemjibu vibaya. Nitamwomba radhi.

Baadaye. Vilio vimeanza ng'ambo ya milamula. Adela ametoka kuangalia. Ta Rwegasira amefariki. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anangoja uji.

Jumatano, 12 Machi

Mafundi walikuja na gari, nguzo, na sururu. Hawakushusha hata kamba. Mzee wa ukoo aliwatokea njiani, mtu mpole, akawaambia kuna msiba, ardhi haichimbwi. Hapa kwetu mtu akifa, jembe halishikwi mtaa mzima mpaka azikwe na matanga yaishe. Hata wanaolima bustani za mchicha wamesimama. Mafundi wenyewe ni watoto wa hapa hapa, hawakubisha. Walivua kofia, wakatoa pole, wakaondoka na nguzo yangu.

Mazishi ni lini? Wanamsubiri Deus, mtoto mkubwa, atoke ng'ambo. Jumamosi, labda Jumapili.

Mungu anisamehe, nimemkasirikia maiti. Nimekaa hapa dirishani nikasema kwa sauti, "Usingeweza kungoja siku moja?" Adela amejifunika mdomo. Sijali. Kama ningeweza kusimama ningechimba shimo mwenyewe kwa kijiko, na watu wanitenge.

Hamisi anasema anaweza kuweka saini yeye kama mume. Daktari anasita. Kemi anapigana. Jana alimuuma nesi aliyekuja na sindano. Wakimshika kwa nguvu presha itamuua kabla ya kisu.

Najua la kufanya. Faiba ipo, hapo tu, naiona kofia ya nguzo ya barabarani kutoka kitandani. Ningekwenda pale nikamwambia mjane aliyekaa chini kwenye nyasi, ambaye hatusemeshani, ambaye mumewe nilimwita mbuzi, naomba mtandao. Siwezi. Kinywa hakitafunguka. Adela anasema ataomba yeye. Nimemkataza. Mtu haombi mtandao kwenye msiba kama anaomba chumvi.

Kaka yetu Felician anafanya kazi ofisini Muleba. Wana mtandao wa waya. Kesho naenda.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeshindwa.

Tulikodi gari. Nililala kiti cha nyuma, mguu juu ya mto, Adela kabanwa mbele na kompyuta mapajani. Kila tuta nimelihisi kwenye mfupa. Felician alikuwa ametuandalia chumba, meza, kiti cha mguu wangu. Kaka mwema. Tulipofika akatupokea getini ameshika kichwa. Radi ilikuwa imepiga transfoma. Muleba nzima haina umeme. Jenereta la ofisi likavutwa kamba mpaka mlinzi akavua shati. Halikuwaka.

Tukapanda kilimani kutafuta modemu ishike. Nilikaa garini mlango wazi. Ziwa lote chini yetu, kisiwa cha Bumbire kile pale, siku imetakata utadhani Mungu yuko likizo. Na modemu ikashika! Kemi akatokea safi. Uso umevimba, macho yamekuwa madogo. Kabla sijainua mkono akaniambia: wewe, njoo.

Nikamwonyesha mguu.

Akarudia: njoo.

Nikaanza kumweleza. Nimefika katikati, picha ikavunjika vipande vipande. Nikaona mkono wake, kisha nusu ya uso, kisha dari ya wodi. Kisha hamna kitu. Betri ya kompyuta ikafuata.

Nimelia mbele ya mdogo wangu, kaka yangu na dereva. Felician alisimama ananipepea kwa faili. Mama yetu kazikwa hapo hapo chini ya kilima na sikuwa na nguvu hata ya kupita kaburini.

Njiani kurudi nimefikiri mambo ambayo siandiki.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda.

Nilijidanganya kwamba nakwenda kutoa pole, kama jirani, ni wajibu. Adela alibeba mkungu wa ndizi, mimi na magongo yangu. Tulizunguka kwa barabarani. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Ndani wanawake, chini kwenye nyasi za msiba zilizotandazwa sakafuni, wanasali rozari. Ma Verediana kwenye kona, kafungwa kitambaa kichwani, kajikunja. Waliniachia nafasi nikanyoosha mguu mbele yangu katikati ya watu kama gogo. Hakuna aliyecheka. Nilimshika mjane mkono. Akaniachia nimshike.

Nikalia. Nilikuwa na machozi tayari, sikuhitaji kuyatafuta. Na juu ya kichwa chake, ukutani, kile kiboksi cha faiba. Taa za kijani. Nilikuwa natazama taa hizo wakati natamka Salamu Maria.

Simu ikatetemeka kifuani. Hamisi: "Mama presha imepanda sana. Ameona giza. Daktari anasema ni leo."

Nikaisoma, nikairudia. Ma Verediana alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu tukosane, machoni. Akasema kwa Kihaya, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na wageni wasikie.

"Mwalimu. Unamlilia mume wangu, au una lako?"

Nikasema, "Nina langu, Ma Verediana."

"Liseme basi."

Nikalisema lote. Kemi, kisu, modemu, Muleba. Nilisema mpaka lile la mbuzi na viatu. Rozari ilikuwa imesimama. Niliona wanawake wawili wanatazamana, na mmoja akasonya, mtandao msibani! Mjane akainua mkono, yule akanyamaza.

"Alikuambia uje utumie," akasema. "Hukuja. Haya, leta hiyo kompyuta."

Namba ya siri imebandikwa chini ya kiboksi. Adela alirudi na kompyuta anahema. Bibi mmoja alikwenda mlangoni kuwaambia wanaume wasiingie. Kompyuta ikawekwa juu ya kigoda.

Kemi akatokea kama yuko chumbani. Niliona mpaka uzi uliochomoka kwenye ukosi wa gauni lake. Macho kafumba. Hamisi akampulizia usoni, kama tulivyokuwa tunamwamsha utotoni, nilimfundisha mwenyewe. Akafumbua.

Sikugusa ishara ya samaki. Nilikuwa nimefikiri njia nzima ya kutoka Muleba. Nikamwambia: gunia la kahawa. Analijua. Amekaa juu ya magunia ya baba yake maisha yake yote. Nikaonyesha gunia limejaa, limefungwa mdomo. Nikafumua uzi. Nikaingiza mikono, nikatoa kitu polepole, nikakiweka begani, nikakipigapiga mgongo. Kisha nikachukua shazia, nikashona mdomo wa gunia, mshono kwa mshono, nikakaza, nikakata uzi kwa meno. Nikaligonga gunia. Zima. Limesimama.

Picha haikukatika. Aliona yote. Mikono yake ikaja, nami nikaiona yote. Ndiyo lile swali la Jumanne, ambalo Hamisi hakulielewa: gunia halina damu. Mtu aliyefunguliwa tumbo, umemwona wapi akitembea?

Nikaapa. Nikaonyesha mbingu, nikaonyesha kaburi la baba yake. Hakuamini. Anajua mimi ni mama, na mama anaweza kudanganya.

"Anauliza nini?" Ma Verediana.

"Anauliza kama mtu akipasuliwa anapona."

Akainuka. Mjane hainuki hovyo kwenye nyasi zile, kuna namna zake, na bibi wa mlangoni alisema "Mawe!", yaani mama wee, na kunyoosha mkono kumzuia. Hakumsikiliza. Alikuja akasimama mbele ya kompyuta. Wanawake wakaelewa kabla yangu. Wakasimama, wakafungua kanga zao, wakamzungushia. Akalegeza nguo yake ya msiba, akaishusha chini ya kitovu.

Kovu refu, la zamani, kutoka kitovuni kwenda chini. Walikuwa wanapasua hivyo zamani. Pembeni mwake alama za mishono, pana, za haraka.

"Mwambie huyu ni Deus," akasema. "Huyu tunayemsubiri atoke ng'ambo aje amzike baba yake. Na mwambie baada yake nilizaa tena, na nimelima kibanja hiki mpaka leo."

Nilimwambia. Sidhani kama Kemi alinitazama. Alikuwa amesogeza uso hadi kwenye simu, anakagua kovu kama anavyokagua pindo la gauni la mteja. Akapitisha kidole kwenye kioo, juu hadi chini. Kisha akamwuliza Ma Verediana mwenyewe, siyo mimi: iliuma?

Hakuna aliyemtafsiria. Ma Verediana alikunja uso, akaitikia kwa kichwa, ndiyo, iliuma. Kisha akainua mabega: ikaisha. Na akacheka. Kidogo, pumzi tu, mkono mdomoni, na machozi yakamtoka kwa sababu mumewe yuko mochwari na yeye amesimama nusu uchi mbele ya Dar es Salaam.

Kemi akanyoosha mkono kwa nesi. Kalamu. Akaandika jina lake kwenye karatasi mpya ya kukubali operesheni.

Wamemwingiza. Nimerudi nyumbani. Sina la kufanya.

Jumamosi, 15 Machi

Mtoto ametoka hai. Wa kike. Mdogo mno, yuko chumba cha joto, anapumua kwa msaada.

Kemi alivuja damu. Yuko uangalizi maalumu. Hajaamka. Hamisi hawezi kusema sentensi nzima.

Deus alifika asubuhi na suti aliyosafiri nayo. Tumemzika Ta Rwegasira kibanjani kwake, karibu na wazazi wake. Nilikuwa kwenye kiti mbele kwa ajili ya mguu. Walipoanza kurudishia udongo nililia kwa sauti kuliko watoto wake. Watu walidhani namlilia yeye. Nilikuwa namlilia pia. Lakini kila beleshe la udongo nililiona linamwangukia Kemi, na mimi ndiye niliyemwambia atapona, mimi na tumbo la mke wa marehemu.

Kama akifa, nilimshawishi mimi.

Jumapili, 16 Machi

Hajaamka.

Nimekaa na simu mkononi. Adela ameleta chakula, ameondoa chakula. Ma Verediana amemtuma mkamwana wake kuuliza. Nimesema bado. Akarudi tena kuuliza. Nimesema bado.

Siwezi kusali. Maneno yanatoka, hayaendi popote.

Jumatatu, 17 Machi

Hamisi amepiga wakati Adela ananibadilishia mto. Alikuwa analia na sikuelewa. Nilidhani ndiyo hilo. Nikaitupa simu kitandani. Adela akaiokota, akasikiliza, akanikamata kichwa kwa mikono miwili.

Amefumbua macho. Ameomba maji.

Siandiki zaidi leo. 

Jumanne, 18 Machi

Matanga yameanuliwa jana. Leo majembe yanasikika mtaani tena, kila upande. Mafundi wamerudi. Ma Verediana ndiye aliyewaonyesha pa kuchimba, amesimama na nguo yake ya msiba, akiwafokea wasiguse kahawa. Nguzo imesimama. Waya umeingia kwangu kupitia juu ya milamula. Modemu nimempa Adela apeleke sokoni, auze au atupe.

Mchana Kemi alitokea. Kalazwa chali, mikono mizito, anasema kwa vidole tu. Mtoto bado yuko chumba cha joto. Daktari hajaahidi kitu. Wanampeleka kumwona kwa kiti cha magurudumu, anamgusa mguu kupitia tundu. Amenionyesha ukubwa wa mguu huo kwa kidole chake kidogo, hadi kwenye pingili ya kwanza.

Nimemwomba Hamisi radhi kwa yale majibu ya Jumanne. Amesema hakumbuki.

Ma Verediana alikuja wakati huo, hakubisha hodi, akaketi kitandani kwangu kwenye ukingo. Nikageuza kompyuta. Kemi akamtazama. Kisha akaniuliza: huyu anaitwaje?

Sisi kila mtu tuna ishara yake. Ma Verediana alikuwa nayo, ya miaka mingi, kidole kinasukuma pua juu. Niliitengeneza mimi, kwa hasira, na Kemi alikuwa akiicheka. Anaijua vizuri. Ameuliza anaitwaje kana kwamba hajawahi kumwona mtu huyu.

Nikapitisha kidole tumboni kwangu, kutoka kitovuni kwenda chini, polepole. Kisha kiganja kifuani.

Kemi akairudia ishara hiyo kwa mkono wake wenye bomba la dripu. Akakosea, akarudia tena. Ma Verediana akaniuliza binti anasema nini.

"Anakuita," nikamwambia.

Akakaa mpaka jioni. Tulimenya ndizi.